Siku Niliyozima Jenereta

Makamarade wa mapambano, wewe Furaha mjukuu wangu na wenzako wa chumba huko Kinshasa, nawasalimu kutoka Goma. Bibi yako hajambo, na mbuzi wetu amezaa mapacha.

Unauliza: ikiwa masikio yako ni mazima, mbona moyo unakwenda mbio na usingizi umekimbia tangu baa ya jirani ilete spika? Swali hilo limenitia hofu, kwani jibu lake nililiona kwa macho.

Miaka ya vita, wakimbizi walipojaa parokia ya Majengo hapa Goma, mimi mwanafunzi niliwapelekea jenereta na spika, nikanguruma siku tatu juu ya haki zao. Nyuma ya spika alilala mama mjamzito kutoka Rutshuru. Muuguzi alimpima presha, akanijia mbio.

"Wewe mutoto wa université, zima!"

"Mama, ninawatetea hawa!"

"Unamutetea nani? Huyu mama mwenye mimba halali, presha inapanda. Tutamupoteza yeye na mutoto!"

Nikazima. Nikakaa juu ya mawe, nikimuuliza muuguzi kila alipompima tena. Jioni presha ilishuka, naye akalala. Alijifungua salama, lakini hofu ile haijaniacha. Masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote, Furaha. Kelele yangu ilikuwa imefika moyoni.

Kapimwe presha kesho, unipigie.

Hapa mtaani kwetu Himbi nasi tuna baa yenye spika. Majirani tunakutana uani kwangu Jumamosi, saa tisa alasiri, kujadili kelele zake. Nitahutubia bila mikrofoni.