Mkono wa Kushoto wa Mjukuu

Jumatatu, 1 Julai
Ndoo nne, majiko mawili. Kariakoo nzima hakuna fundi bati wa kunifikia, na nina miaka sabini na moja. Jioni nikamwona mjukuu. Siku ya sita leo tangu azaliwe. Nikampa kidole mkono wa kulia, akakikamata, akang'ang'ania. Kanijua babu yake. Vitoto vingine haviwezi.

Jumatano, 3 Julai
Nagonga bati barazani. Kila nikigonga mtoto anashtuka ndani, anarusha mkono. Mmoja tu. Wa kushoto umelala. Binti yangu Mwanahawa akaja analia: "Baba, nimpeleke kliniki." Nimekataa. Mzazi hatoki kabla ya arobaini. Mama yangu hakutoka. Neno langu halirudi nyuma.

Alhamisi, 4 Julai
Sina raha. Nimeharibu bati mbili. Mimi!
Nikaingia chumbani, nikajifanya natafuta mkasi. Nikampa kidole mkono wa kushoto. Hakushika. Nikagonga kopo. Kulia juu, kushoto kimya. Nikagonga tena. Mke wangu Zena akasema, "Gonga tu, fundi. Labda utaunyoosha kama bati."
Naogopa.

Ijumaa, 5 Julai
Asubuhi nikamwambia Mwanahawa jitande khanga, twende. Majirani wameona. Waone.
Kliniki nesi kamwinua mtoto kichwa kidogo, akakishusha ghafla mkononi mwake. Mkono mmoja ukaruka. Akasema mtoto alikuwa mkubwa, mshipa wa begani ulivutika wakati wa kuzaliwa. Wengi hupona, mazoezi yakianza mapema. "Mzee, kweli mlitaka kungoja arobaini?" Mwanahawa akaniangalia. Nikaangalia dari.
Halafu kasema kushika kidole hufanya watoto wote, wala hawajui wanashika cha nani. Hilo limeniuma. Nesi mdogo yule, anifundishe!

Jumanne, 9 Julai
Kila akibadilishwa nepi naunyoosha mkono kama nesi alivyoonyesha. Polepole. Zena anasema mikono yangu migumu. Hajui kitu. Hakuna anayeweza kama mimi.
Mkono bado.

Jumapili, 21 Julai
Bado. Sitaki kuulizwa na mtu.

Jumatatu, 29 Julai
Nyundo nimeiweka chini mapema. Nikampa kidole mkono wa kushoto. Vidole vikajikunja, vikashika. Kidogo. Vikaachia. Vikashika tena.
Nesi alisema watoto wote hufanya hivyo.
Na huyu awe kama wote.
Nimekaa hapo mpaka akalala. Kidole sijakitoa.