Nilipokuposa Mara ya Pili

Mke wangu Veronika,

Nakuandikia nikiwa nimeaibika, lakini nina maelezo ya kisayansi. Ungekuwepo ungesema, "Mwalimu, wewe hata chumvi ikizidi kwenye maharage una maelezo."

Jumamosi tulikwenda Kitahana kumposea Elia wetu. Kwa desturi baba mzazi hukaa kimya, mshenga ndiye husema. Mshenga wetu aliamka sauti imemkauka, nikasema nitasema mwenyewe. Nimefundisha baiolojia maisha yangu yote, nitashindwa na kikao?

Njia nzima kutoka Kasulu nilimtuliza Elia kwa somo. Ukiogopa, nilimwambia, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga homoni kwenye damu, mojawapo ni kotisoli. Misuli hupata nguvu, lakini ile sehemu ya ubongo inayotoa kumbukumbu hufungwa kwa muda, kama ghala. Mbele ya simba unahitaji miguu, majina ya nini?

"Baba, sasa ndiyo naogopa," akasema.

Tulipoketi, shangazi wa binti, mama mwembamba mwenye macho ya msimamizi wa mitihani, akauliza: "Humu tuna mabinti wanne. Mmemfuata yupi?"

Ghala likafungwa. Sura ya binti niliiona, hata mwanya wake niliuona. Jina hakuna. Ukoo mzima ukinitazama, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Tumemfuata Veronika."

"Veronika hayumo humu," akasema shangazi. "Labda mmempita njiani."

Elia akafunika uso. Wazee wa upande wao wakaanza kutafuta fimbo zao. Posa ilikuwa inakwenda zake.

Ndipo nikapakumbuka kwenu Nyakitonto, siku ile nilipokuja kukuposa mbele ya baba yako, niliposahau hata jina la babu yangu. Ulipita na maji ya kunawa, ukaninong'oneza: "Vuta pumzi, Mwalimu. Sitoroki."

Nikavuta tatu, polepole. Moyo ukatulia, ghala likafunguka.

"Ester," nikasema. "Tumemfuata Ester. Veronika ni mama yake Elia. Tulimzika mwaka juzi."

Shangazi akawaashiria wazee waketi.

"Posa tumeipokea," akasema. "Ila umetaja mwanamke mwingine nyumbani kwetu, na faini ipo. Binti wa kwanza wa Ester ataitwa Veronika."

Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Sasa usije ukadhani ni mapenzi. Ni kotisoli tu.

Lala salama, mama. Mimi bado navuta pumzi.

Mumeo,
Baba Elia