Ulisema Nisisimame Lamu

Fundi Shee,

Mungu akurehemu. Hilo nimelitanguliza kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, si kwa sababu leo nina moyo wa kukuombea. Nimekasirika, Fundi. Nimekasirika mpaka mwandiko umepinda, nawe ulizoea kunisifu kwamba nina mkono ulionyooka.

Nakuandikia nikiwa Lamu. Ndiyo, Lamu mjini, palepale uliponikataza kusimama. Ulikuwa umelala kwenye kitanda chako cha kamba kule Tanga, pumzi zimebaki za kuhesabu, ukanishika mkono. "Zaina, ukifika Lamu usisimame. Panda boti ya Mtangawanda siku hiyohiyo, uende Siyu, mkoba huu wa vyuma uufukie kwenye kaburi la Baba. Uniombee radhi." Nikaapa. Nani angekataa, na mtu anakata roho? Nilidhani ni haraka za mgonjwa. Kumbe ulikuwa unanikwepesha mtu.

Nimeendesha pikipiki siku tatu. Mpakani waligonga muhuri bila neno. Balaa ilianzia barabara ya Lamu. Kila kizuizi askari anafungua mkoba, anakuta vyuma vyenye ncha, ananitazama. Mmoja akaniuliza, "Madam, hizi unaenda kudunga nani?" Nikaeleza kwamba mimi ni fundi wa viti vya pikipiki, kwamba hivyo ni vyuma vya kugongea nakshi kwenye ngozi, na kwamba navipeleka kaburini. Maelezo hayo, Fundi, ni mabaya kuliko kunyamaza. Walinikalisha juani saa mbili nzima.

Mokowe barabara inaishia baharini, pikipiki unaiacha bara. Na ni wewe uliyenifundisha kwamba pikipiki ikilala ugenini, kiti kinalala na mwenyewe. Nikafungua nati, nikakibeba. Basi ndivyo nilivyoingia mji wa watu, kiti cha pikipiki kichwani, vumbi la Witu mpaka kwenye nyusi.

Mji huu haukunipenda, nami sikuupenda. Vichochoro vyembamba, nikakutana na punda mwenye mzigo wa mawe. Yeye alipewa njia, mimi nikabanwa ukutani. Wazee waliokaa barazani walinyamaza nilipopita, wakaendelea nilipokwisha kupita. Boti ya Mtangawanda ilikuwa imeshaondoka na maji. Nyumba ya wageni ya kwanza nikaambiwa imejaa. Ya pili nikaambiwa imejaa, na funguo naziona zimening'inia nyuma ya mgongo wa mwenye nyumba. Ya tatu ina mama mmoja wa bara, akasema, "Mwanamke peke yako na kiti? Uko na kesi gani?" Akanipa chumba, lakini akataka kiti kilale nje. Tulizozana mpaka akachoka yeye.

Alasiri nikatoka kutafuta chakula, kiti kwapani, mkoba begani. Mtaa wa Langoni nikamkuta bibi anauza mikate ya mofa mlangoni pake. Hakujibu salamu yangu vizuri. Nikaweka kiti chini, nikakikalia, nikala. Yeye ananitazama. Nikadhani ni yale yale ya mji wake. Kumbe hanitazami mimi.

"Inuka," akasema.

Nikainuka. Akainama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kiti, juu ya zile nyota zetu zilizopungua ncha moja. "Nani alotia nyota hizi?"

Nikajibu kwa majivuno, mjinga mimi. Nikasema ni Fundi wangu, marehemu Shee wa Siyu, na hiyo ncha iliyopungua ndiyo muhuri wake, Tanga nzima inaujua. Akauliza umekufa lini. Nikamwambia mwezi wa tatu huu. Sikumsikia akikuombea. Alisema tu, "Ndoo ndani. Uye na mkoba huo." Nikaingia nao.

Anaitwa Bi Tuma. Ni dada yako. Miaka sita nimekula kwako, mwishoni nimekufulia na kukunywesha uji, na hata siku moja hukunitajia kwamba una dada!

Alivitandaza vyuma kwenye mkeka kimoja kimoja, kwa mpango, bila kuniuliza kipi ni cha nini. "Zuma hizi ni za babangu. Na alokuwa akizitumia ni mimi." Akanieleza yote huku anakanda unga, hata hakunitazama. Macho ya baba yenu yalipofifia, yeye ndiye aliyeshona viatu na mikoba mle ndani, akagonga nakshi. Wewe ulichukua ukapeleka sokoni, ukisema ni mkono wako. Baba yenu akaamua amkabidhi vyuma mbele ya watu, ijulikane. Asubuhi ya siku hiyo watu walifika, wakakaa, halua ikaletwa. Vyuma havikuonekana, na wewe hukuonekana. Mhunzi aliyevifua alikwisha kufa, wa kufua vingine hakuwepo. Bi Tuma hakugonga tena ngozi. Alihamia Lamu, akashika mikate.

Na wewe uliniambia, "Baba alinikabidhi mkononi." Ulisema hivyo kila Idi, ukiwa umevaa kanzu!

Ile nyota je? Ncha aliivunja yeye, akiwa na miaka saba, alipokiangusha chuma kwenye jiwe la kisima. Ikabidi nimkirie yangu pia: nilinunua chuma kipya, kizuri, nikakipiga tupa nikaondoa ncha moja ili nyota yangu ifanane na yako. Hapo ndipo alipocheka. "Kwa tupa? Na hali kilikuwa kizima?" Sijawahi kuchekwa vile. Miaka sita naiga kosa la mtoto nikidhani ni siri ya ufundi.

Nikamwomba radhi kwa niaba yako. Nilipiga magoti, Fundi. Akasema, "Radhi ataiomba mwenyewe huko twendako." Akanirudishia mkoba, akaniambia kama nina kiapo nikakitimize, yeye mambo ya kiapo hayamhusu. Akafunga mlango.

Asubuhi nikaenda bandarini. Nikapanda boti ya Mtangawanda, mkoba mapajani, kiti miguuni. Nawaza kiapo changu, na nawaza tumbo langu, kwa sababu changu cha tupa ni kimoja tu, na bila vyuma hivi mimi ni mshonaji wa viti vitupu kama wengine wote wa Tanga. Nikivifukia navikosa, nikimpa dada yako navikosa. Halafu nikaelewa kwa nini ulichagua kaburi. Kaburi halikuulizi ulikuwa wapi. Uliogopa mlango wa Bi Tuma zaidi ya ulivyoogopa kufa, ukanituma mimi niupite kimyakimya. Injini ikiwa imeshawaka, nikashuka. Nahodha alinitukana mbele ya abiria, na sikumlaumu.

Nikampelekea. Hakushukuru. Alinawa unga mikononi, akachovya kidole kwenye maji, akailowesha kona ya kiti changu. Akasimamisha chuma cha nyota, akaokota mchi wa kinu, akagonga. Mara moja tu. Wewe ulinifundisha kugonga mara mbili, eti ngozi ikolee. Nikasogeza jicho. Nyota yake imeketi kando ya zako, na ukiziangalia pamoja, zako ni za mwanafunzi.

Nililia, Fundi. Sijui nilimlilia nani kati yenu.

Basi ujue: Siyu sikufika, na siendi. Kiapo chako nimekivunja, wala sikuombi msamaha. Kwa upande wangu nimekusamehe, kwa sababu ulinifundisha kazi wakati kila karakana iliniambia mwanamke hawezi, na hilo silifuti hata nikikutukana. La Bi Tuma siwezi kukubebea. Kalingoje mwenyewe.

Mvua zikikatika nitarudi na ngozi. Nilipomwambia hivyo hakusema karibu. Alisema, "Ya mbuzi usilete." Na Tanga yeyote atakayeniuliza ile nyota ni ya nani, ataambiwa ni ya Bi Tuma wa Siyu. Nakuahidi hilo, na ahadi hii sitaivunja.

Kwaheri, Fundi wangu. Barua hii sina pa kuituma. Naikunja mara nne, naitia chini ya ngozi ya kiti, nashona pindo. Kisha navuka Mokowe, nakaza nati, na nitakukalia mpaka Tanga.

Zaina