Beseni Chini ya Mushono

Wamaza, tarehe 14 Oktoba 2024

Mupendwa mujukuu wangu Élysée, bwana yangu wa Lubumbashi,

Uko muzima? Unakula? Muguu uliouumiza kwenye kazi yako ya mapaa umepona? Mimi tate yako, mama ya baba yako, niko muzima, magoti tu ndiyo yanalia. Najua unatafuta habari ya muke wako Yvette. Usiruke mistari! Soma polepole, iko inakuja.

Kwanza paa la materniti, nyumba yetu ya kuzalia. Bashi ulizotuma, zile turubai nene za plastiki, zilifika kwa pikipiki pamoja na mashine ya kupuliza hewa ya moto. Kasimu, fundi wetu, akazitandika juu ya saruji, pindo moja likilalia lingine, akapuliza moto katikati, akakandamiza na kigurudumu. Siku moja tu, eti amemaliza! Akanawa mikono, akaomba chakula.

Nikamuambia: «Utakula baadaye.» Sauti yako nilisikiliza kwenye simu mara tatu, mimi siyo kiziwi: mushono, pale pindo mbili zinaposhikana, ukipoa, uupime. Nikapanda ngazi na sindano yangu ya mikeka, ile butu, nikaisukuma kwenye ukingo. Ikaingia kama kisu ndani ya ndizi mbivu!

Kasimu akakata kipande, akavuta. Kikafunguka chote, na ndani vumbi jeupe. Akaonja na ulimi.

«Mama, huu ni unga wa muhogo.»

Haya, cheka. Ni mimi. Siku mbili nilianika muhogo juu ya bashi zako, maana zilikuwa safi, pana, na kuku wanaziogopa. Nimesema mara moja, usinirudishie neno hilo. Na wewe, kwa nini hukusema kwamba unga unazuia kushikana? Ninyi wasomi munaficha vitu.

Tukapangusa kila pindo na kitambaa na ile dawa ya kusafishia uliyotuma, yenye harufu. Kasimu akajaribu kwanza kwenye vipande vya kutupa: akienda mbio, haishiki, akikawia, inaungua na kutoa moshi. Mpaka tukapata kipande tulichovuta watu wawili, bashi yenyewe ikapasuka pembeni, mushono ukabaki! Nikapiga vigelegele juu ya paa. Yvette na tumbo lake akapiga kelele toka chini: «Mama, shuka! Utanizalisha hapa hapa!»

Mishono mibaya tukaifunika na vipande vipya. Nikapitisha sindano kila mahali. Haikuingia.

Ijumaa mchana mvua ikaanguka, ile ya kulaza migomba, na uchungu ukamushika Yvette saa ile ile. Tukamupeleka materniti, nikaweka beseni chini ya mushono unaopita juu ya kitanda chake. Siyo woga. Basi, ni woga. Safia, muzalishaji, akanifokea: «Mama, angalia mugonjwa, acha dari!»

Hata tone moja, Élysée! Saa kumi mutoto akalia. Safia akatafuta kitu cha kumuogeshea, beseni ikawa pale, kavu. Ndimo alimomuogeshea binti yako. Muzito, masikio makubwa kama yako, na mama yake muzima kabisa.

Tuma jina upesi. Tuma na bashi nyingine ndogo, ya muhogo wangu.

Jirani zetu Bruno na Émérance wanakusalimia, na Kasimu anasema sasa anakula. Mungu akushike vizuri huko juu ya mapaa ya watu, akurudishe umubebe mutoto wako.

Ni mimi ninayekupenda hata nikikugombeza,

Tate yako Marie-Thérèse