Mkanda Nilivaa, Baba

Kwako baba mpendwa,

Shikamoo, na mama naye apokee shikamoo yake hapo hapo alipo. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba kaka na wifi wanawatunza vizuri huko. Mimi ni mzima wa mwili. Nyumba mliyoniachia ipo, paa halivuji, na mlango wa jikoni bado unalia kama mlivyouacha.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu damu imenichemka. Umeandika kwamba nimemwaibisha shemeji mbele ya wateja, kwamba bodi za kompyuta nimeziunguza mwenyewe kwa uzembe, na kwamba tangu utotoni nina mikono ya haraka. Uzembe, baba? Mimi? Umemsikiliza mkweo ukaishia hapo, mwanao hukumuuliza hata neno moja. Basi nisikilize na mimi.

Unajua kuwa ofisi ilikubali nichore ramani za nyumba nikiwa hapa hapa, mradi niwe na kompyuta yenye nguvu. Niliamua kuiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, na vipande vyote nikavinunua kwenye duka anakouza shemeji. Ni yeye aliyenieleza habari ya umeme tuli: kwamba mwili hujikusanyia umeme kwa kutembea tu juu ya zulia au kuvua sweta, na kwamba cheche ndogo usiyoihisi hata kidoleni inatosha kuua madabodi, ile bodi kubwa inayobeba vipande vingine vyote. Akanipa mkanda wa kuvaa mkononi, wenye waya wa kwenda kwenye ethi, ili umeme wa mwilini ushuke ardhini. Nawe kwa simu ukanielekeza namna ya kuufunga kwenye plagi, pini ya ethi peke yake. Ulicheka, ukasema hiyo ndiyo kazi yako ya miaka thelathini, na kwamba fundi asiyejali ethi hafai hata kubadilisha balbu.

Nilifanya yote. Zulia nililikunja nikalitoa uani. Soksi nilivua. Sweta sikuvaa, ingawa asubuhi ile ilikuwa na baridi kavu ya kupasua midomo. Bodi niliiacha ndani ya mfuko wake wa kijivu mpaka dakika ya mwisho, na nilipoitoa niliishika kingoni tu. Na mkanda nilivaa, baba. Niliukaza mpaka ukaniachia alama.

Nikabonyeza swichi. Kimya. Shemeji akanipa bodi nyingine bila maneno mengi. Ya pili nayo, kimya. Hapo ndipo nilipokwenda dukani, nikazitupa bodi zote mbili kaunta, mbele ya mwenye duka na foleni ya watu, nikasema kwamba shemeji anauza mali iliyokufa, na kwamba ikiwa anaweza kumfanyia hivyo dada wa mkewe, basi wageni wajihadhari. Shemeji alisema taratibu kwamba bodi zote mbili alizijaribu kwa mkono wake kabla ya kunipa. Nikamwambia anyamaze. Mwenye duka akamtoa kaunta, akampeleka stoo kupanga maboksi, akasema mwisho wa mwezi ndipo ataamua kama anabaki au anaondoka. Dada hapokei simu yangu tangu siku hiyo.

Sasa kuna jambo ambalo nimelikalia siku kumi na mbili. Jioni ya siku ile ya dukani nilirudi nyumbani na ile bodi ya pili, nikaijaribu tena, mkanda mkononi, plagi ukutani. Nikainuka kwenye kiti changu cha kitambaa, ambacho nacho huukusanyia mwili umeme kama zulia, kiwiko kikagusa bomba la maji linalopita ukutani, nikapigwa na cheche hadi nikaruka. Baba, mtu aliyefungwa kwenye ethi hapigwi cheche. Nikazima swichi kuu, nikapima kwa testa, nikafungua soketi.

Waya wa kijani, ule wa ethi, upo. Umekunjwa nyuma ya soketi, umefungwa tepu nyeusi, hauendi popote. Na ncha ya tepu imepindwa kidogo, iwe rahisi kuibandua siku nyingine. Katika mafundi wote ninaowajua, ni mmoja tu anayepinda ncha ya tepu. Nikafungua soketi ya sebuleni, nikafungua ya jikoni. Zote ni hivyo hivyo.

Nikaikumbuka fimbo ya shaba uliyonunua ya kuchimbia ethi. Ulisema utaichimbia Jumamosi. Jumamosi ikafika, ukaenda kumalizia nyumba ya mwalimu, iliyofuata ya muuza maziwa, na nyingine, na nyingine. Mtaa mzima una ethi yako isipokuwa sisi. Fimbo mama akaichukua kuinulia kamba ya nguo, na ipo pale hadi leo. Miaka ishirini na mmoja watoto wako tumelishika friji kwa mikono yenye maji, halafu leo unanitumia barua kuniita mzembe! Nimelia kwa hasira, wala sifichi.

Lakini hasira nyingine ni yangu mimi kwa mimi. Siku kumi na mbili nimejua kwamba shemeji hana kosa, na nimenyamaza. Ningesema ukweli dukani, ningelazimika kusema nyaya ni za nani. Nikaona afadhali yeye aitwe tapeli kuliko wewe kuitwa fundi wa ovyo. Nimemtoa mume wa dada yangu kafara ili jina lako lisiguswe, na dada naye akalia peke yake.

Kesho duka likifunguliwa nitakuwa mlangoni. Nitasema mbele ya foleni, kama nilivyosema siku ile, kwamba bodi zilikuwa nzima, na nitaeleza zilikufaje. Siombi ruhusa yako. Ninachoomba ni uje. Mwambie kaka akulete, goti likikuruhusu, na plaizi zako usizisahau. Shimo nimeshalichimba chini ya dirisha la jikoni, na soketi nimeziacha wazi, umeme wake nimeuzima. Sitamwita fundi mwingine aje kuibandua ile tepu.

Msalimie mama sana. Mwambie fimbo yake nimeichukua, kwa hiyo nguo zinaburuta chini hadi utakapofika. Kaka na wifi pia wasalimie.

Ni mimi binti yako,
Mikono ya Haraka,
niliyevaa mkanda.