Kitanda Namba Tisa

Nyaishozi, 14 Aprili 1991

Dada Renatha mpendwa,

Shikamoo. Habari za kazi wodini, na kifua chako kimepona? Sisi tunapumua. Shemeji yako Gaudiosus anapalilia migomba. Asante kwa wiki tatu ulizonifulia nguo nikimuuguza Kokuhirwa mpaka akatutoka. Bado namwona akigonga kikombe cha uji kwenye chuma cha kitanda namba tisa mpaka wenzake wanacheka.

Mama mkwe anasema jirani Nyirabageni alitia sumu kwenye maziwa aliyokuwa akituletea. Nimemrudishia kibuyu chake kitupu, bila hata kiganja cha maharage, kama mtu asiyetaka ujirani tena. Alikichungulia, akasema, "Kumbe tumefika huko, mama Kokuhirwa?" Hajapita tena.

Lakini dada, wale madaktari walitoa damu ya kila mtoto wodini. Ya mwanangu ilionyesha nini? Niambie, hata kama ni habari mbaya.

Mdogo wako,
Anatolia


Hospitalini, 2 Mei 1991

Mdogo wangu,

Marahaba. Kifua kimepona. Damu ile ilikuwa ya kuhesabu tu watoto wangapi wanaolazwa wana ugonjwa fulani. Usijichoshe kuuliza. Ni kweli, maziwa ya watu wengine si ya kupokea. Wewe bado kijana, zaa mwingine.

Dada yako,
Renatha


Nyaishozi, 9 Februari 1993

Dada,

Shikamoo. Nilikuja huko wiki iliyopita ukiwa likizo. Cassian ana miezi saba, na kinywani ana utando mweupe kama wa marehemu dada yake. Muuguzi alitupima damu, majibu yakawa mabaya kwa sote wawili, kisha akafungua daftari la zamani.

"Kati ya watoto ishirini na sita, saba walikuwa na virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama zao," akasema. "Kitanda namba tisa alikuwemo. Renatha hakukwambia? Si ndiye aliyetuletea majibu kutoka maabara?"

Dada, ulijua?

Mdogo wako,
Anatolia


Hospitalini, 20 Februari 1993

Mdogo wangu,

Nilijua. Nilimwambia Gaudiosus kwanza, akanipigia magoti nisikwambie, usije ukamkimbia. Nami niliona afadhali umchukie jirani kuliko kujichukia mwenyewe. Nisamehe. Natuma kikapu cha sukari na sabuni kwa ajili ya Cassian. Pasaka nitakuja.

Dada yako,
Renatha


Nyaishozi, 15 Machi 1993

Dada Renatha,

Shikamoo. Cassian ameanza kunywa uji, na kikombe anakigonga vilevile.

Gaudiosus amehamia kwa mama yake. Sikumfukuza. Nilimuuliza tu kama alikuwa akinitazama tumbo likikua huku anajua.

Jumanne nilikwenda Kibingo, alikohamia Nyirabageni baada ya watu wa hapa kuyakataa maziwa yake. Nilimpelekea maharage, nikamweleza yote nikiwa nimesimama uani, maana hakunikaribisha. Alimtazama mtoto mgongoni mwangu. "Huyu hajanikosea," akasema. "Umekuja na chombo?"

Sukari na sabuni nimepokea, asante. Kikapu chako nimempa kondakta wa basi pale Omurushaka akurudishie. Ndani sijaweka kitu.

Anatolia