Kereng'ende wa Kidimbwi cha Mihogo

Alhamisi, Kasongo. Mvua imekatika, jua limetoka kali, nami tangu asubuhi sijatulia.

Ametoka.

Siku kumi na moja nimemfuga mdudu wa majini dirishani kwangu, ndani ya chupa ya dawa. Rangi ya tope, miguu sita, tumbo pana, sura ya kutisha. Nilimtoa kwenye kidimbwi cha Mama Amisa, kando ya kijito, ambako wanawake wa mtaa huloweka mihogo hadi uchungu utoke. Kazi yangu ni ya usafi: dokta Mzungu hunituma nimwage petroli kwenye maji yaliyotuama ili mbu wafe. Nilipomwona mdudu huyo nikadhani ndiye mama wa mbu wote.

Mama Amisa alinicheka. "Baba, ule haiko wa mbu. Ule anakula watoto wa mbu. Na ukimwaga petroli, mihogo tutaloweka wapi?"

Sikumwamini. Nikamtilia mdudu viluwiluwi vya mbu nione. Alitulia tuli, kisha mdomo wake wa chini ukachomoka, ukanyakua kimoja, ukarudi. Nilikuwa nimetia ishirini. Hadi jioni hakikubaki hata kimoja. Chakula changu mwenyewe nilikisahau.

Leo alfajiri alipanda kijiti nilichomsimamishia chupani. Mgongo ukapasuka. Akajivuta nje polepole, mabawa yamekunjamana kama nguo iliyokamuliwa, kisha yakanyooka. Kereng'ende! Nilitegemea awe mwekundu, kama wale wanaofukuzana juu ya kidimbwi kile. Huyu ni wa manjano. Mama Amisa anasema wote huanza hivyo, wekundu huja baada ya siku kadhaa, tena kwa madume tu. Miaka yote ameinama pale akiyaona haya, na sisi watu wa usafi hatukuwahi kumwuliza.

Mabawa yalipokauka akaenda zake.

Sasa niseme ukweli. Wiki iliyopita nilimwambia dokta kwamba kidimbwi kile nimekwisha kukimwagia petroli. Sijakimwagia; chakula cha mdudu nilikuwa nakichota humo. Kesho anakuja kukagua, na naogopa kufukuzwa kazi.

Naweza kumtangulia asubuhi, nimwage, na asijue kitu. Nimeliwaza hilo mchana kutwa, na nimejionea aibu.

Sitamwaga.

Akiniuliza kwa nini nilimdanganya, nitamjibu nini? Kwamba nilitaka kuona mdudu atakuwa nini?

Ndiyo hivyo. Jibu jingine la kweli sina.